Trizah Adero na Sauti Iliyopotea Kwenye Spika Moja

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Trizah Adero anastaafu baada ya kuitumikia Redio Ukingo ya hapa Nakuru kwa miaka ishirini na minne, kwanza kama fundi wa sauti na baadaye kama mkuu wa mitambo. Wengi wetu tulimkuta hapa. Tunamwita Mama Trizah, na hata meneja, ambaye kwa umri anamzidi kidogo, humwita hivyo hivyo.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Cheptanui, mtangazaji wa kipindi cha mchana. Nilipomwendea kumwomba ruhusa, alikubali kwa sharti moja: nisiiruke siku ya Mawe Matatu. Alisema tukiimba sifa zake na kuiacha siku ile, tutakuwa tunamuaga mtu mwingine. Nimejaribu kumtii.

Trizah alizaliwa mtaa wa Bondeni, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli aliyekuja Nakuru kutoka magharibi na hakurudi tena. Nyumbani kwao kulikuwa na redio moja kubwa ya mbao, na ilipoharibika Trizah aliifungua kwa kisu cha mezani. Alichapwa kwa kuifungua. Siku iliyofuata redio ikaimba, akapewa soda. Baada ya shule alisomea umeme katika chuo cha ufundi, akafanya kazi ya kutengeneza redio na televisheni mjini, kisha akaajiriwa hapa stesheni ilipokuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Ni yeye aliyeyaondoa magodoro hayo na kujenga studio tunayoijua leo. Mlingoti wetu wa kwanza aliupanda mwenyewe kukaza nati, akiwa amevaa sketi juu ya suruali kwa sababu jioni hiyo alikuwa na mazoezi ya kwaya.

Kwaya ni mapenzi yake ya pili. Kanisani hupenda benchi la katikati kabisa, ili sauti za akina mama zimfikie sikio la kushoto na besi za wanaume zimfikie la kulia. Ukimnyang'anya nafasi hiyo, ibada yake huwa imeharibika.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyozaa kile kisa cha Kimutai, mtangazaji wetu wa asubuhi. Kimutai alikuja ofisini na spika ndogo isiyotumia waya, ya duara kama mkebe wa maziwa, akatangaza kwamba sasa nyumbani kwake kuna stereo, maana neno hilo limeandikwa kwenye boksi. Wakati wa chai ya saa nne Mama Trizah alimketisha, akamfumba macho kwa leso, akacheza wimbo na kumwambia aonyeshe kwa kidole gitaa linatokea wapi. Kimutai akaonyesha spika. Akamwambia aonyeshe ngoma zinatokea wapi. Akaonyesha pale pale. Chumba kizima kilicheka, na Kimutai, akiwa bado amefumbwa macho, akauliza kama ameshinda.

Ndipo alipotueleza, taratibu, kama mtu anayegawa chakula. Stereo ni pande mbili, kushoto na kulia, na kila upande hubeba kitu chake. Spika mbili zikiwekwa mbalimbali, masikio yako mawili hukujengea jukwaa katikati ya chumba: mwimbaji mbele yako, gitaa huku, ngoma kule. Lakini spika moja ndogo, hata ikipokea pande zote mbili kutoka kwenye simu, huzijumlisha na kuzitoa kama kitu kimoja. Hiyo ndiyo mono. Hakuidharau. Alisema jikoni ni bora zaidi, kwa sababu popote utakaposimama unasikia kila kitu, wala huachwi na nusu ya wimbo. Kimutai alinunua spika ya pili ya aina ile ile, Mama Trizah akamsaidia kuziunganisha ziwe jozi, na tangu hapo majirani wa Kimutai hawajapata amani.

Kwa mume wake, Mwalimu Nyongesa, Trizah alinunua moja tu. Mwalimu alikuwa amestaafu kabla yake na alikuwa akikaa katika shamba lao dogo huko Mawe Matatu, kijiji kilicho nyuma ya kilima upande wa Gilgil. Trizah alikwenda huko kila Ijumaa jioni. Kilima hicho huzuia mawimbi yetu ya FM, na kwa miaka mingi watu wa huko hawakutupata kabisa. Ni Trizah aliyesisitiza tuanze kutangaza pia mtandaoni. Baada ya hapo, karibu kila nyumba ya Mawe Matatu ilikuwa na simu iliyounganishwa na spika ndogo juu ya kabati au dirishani, nasi tukawa redio yao. Alijivunia jambo hilo kuliko studio, kuliko mlingoti, kuliko yote.

Sasa nafika siku yenyewe.

Ilikuwa Aprili ya mwaka juzi, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima bila kupumua. Asubuhi radi ilipiga karibu na mlingoti wetu. FM haikudhurika, lakini waya uliopeleka sauti kutoka studio hadi kwenye kompyuta ya matangazo ya mtandaoni uliungua. Trizah alitengeneza mwingine kwa haraka, akauchomea plagi zake, akauunganisha. Alivaa vipokea sauti vya masikioni, akasikiliza matangazo ya mtandaoni, akasikia muziki na sauti ya Kimutai bila tatizo. Akaenda kunywa chai.

Baada ya chakula cha mchana tulipigiwa simu na maafisa wa maafa wa kaunti. Juu ya Mawe Matatu kulikuwa na bwawa la zamani, la shamba lililoachwa kitambo, na ukuta wake ulikuwa umeanza kupasuka. Maafisa walikuwa njiani kwenda kuwatoa watu, lakini maji yalikuwa yamefunika daraja. Hawangeweza kuvuka. Walituomba tutangaze: kila mtu wa Mawe Matatu aondoke kwenye mabonde, apande hadi kwenye shule ya msingi kilimani, mara moja.

Nilisoma tangazo hilo mwenyewe. Nilisoma, nikapiga wimbo ili nipate taarifa mpya, nikasoma tena. Niliweka sauti yangu iwe tulivu, kama tulivyofundishwa. Mle studioni, kwenye spika zetu mbili kubwa, kila neno lilisikika vizuri. Meneja alikuwa akisikiliza mtandaoni kwa vipokea sauti vyake, naye akaniinulia kidole gumba kupitia kioo.

Trizah alikuwa kwenye korido akimpigia Mwalimu. Laini zilikuwa zimejaa na simu ilikatika mara kwa mara. Alipompata hatimaye, alimwuliza kama ameshafika shuleni. Mwalimu akamwuliza, shuleni kufanya nini.

Aliingia studioni bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya taa nyekundu ikiwa inawaka. Wimbo ulikuwa ukicheza. Aliiweka simu juu ya meza, sauti ikiwa wazi, na uso wake ulikuwa umepoteza rangi. Alimwomba mumewe arudie alichosema.

"Tangu asubuhi hamsemi kitu," Mwalimu alisema. "Wimbo, kimya, wimbo, kimya. Hata nyimbo zenyewe waimbaji hawasikiki vizuri. Tulidhani kuna msiba huko."

Nilikuwa nimesoma tangazo lile mara nyingi. Watu wale wote walikuwa wamekaa kando ya spika zao, wakitungoja tuseme kitu, huku maji yakijaa juu ya vichwa vyao.

Trizah aliniashiria niseme chochote hewani. Nikasema jina la stesheni na saa. Matangazo ya mtandaoni huchelewa kidogo kufika, kwa hiyo tulisimama tukiikodolea macho simu ile. Kutoka jikoni kwa Mwalimu tulisikia mwisho wa wimbo, mwembamba, kama unaopigwa ndani ya mtungi. Kisha mahali ambapo sauti yangu ilipaswa kuwa, tulisikia mvua ikipiga bati lake. Hakuna kingine. Sijawahi kusikia kitu cha kuogofya namna ile: kutokuwepo kwangu mwenyewe.

Trizah alielewa kabla yetu sote. Alipouchomea waya mpya asubuhi, nyuzi za upande mmoja zilikuwa zimegeuzwa. Kwa hiyo upande wa kushoto ulipokuwa ukisukuma mbele, wa kulia ulikuwa ukivuta nyuma. Mtu mwenye spika mbili, au mwenye vipokea sauti masikioni, husikia zote bila shida kubwa. Lakini spika moja huzijumlisha, na kitu chochote kilicho sawa pande zote mbili hufutika. Ala zilizowekwa pembeni hubaki. Sauti ya mtangazaji, ambayo daima huwa katikati, hutoweka.

"Nimegeuza waya," alisema. "Ni mimi."

Kisha akainamia simu na kumwambia mumewe kwamba bwawa linapasuka, atoke, asichukue chochote. Mwalimu alikuwa mtu wa goti bovu, na njia ya kupanda shuleni ilikuwa tope tupu. Aliuliza kama majirani wanajua. Trizah akamwambia hapana, hakuna anayejua, ndiyo maana lazima atoke.

"Tengeneza kwanza," Mwalimu alisema. "Wote wanawasikiliza nyinyi. Nikisikia sauti nitakwambia, kisha nitoke."

"Nyongesa, wewe toka."

"Utajuaje imerudi?"

Mle ofisini hakuna aliyekuwa na spika ya aina ile siku hiyo, na hakukuwa na muda wa kutafuta. Sikio pekee lililoweza kutuambia kama Mawe Matatu inatusikia lilikuwa la mume wake, na mume wake alikuwa ameketi chini ya bwawa.

Trizah alikimbia hadi chumba cha mitambo. Hakujaribu kuuchomea waya upya. Aliikamata plagi ya upande mmoja na kuing'oa, ili upande uliobaki uende peke yake, pasiwe na wa kuufuta. Akarudi akiwa ameishika plagi hiyo mkononi. Nikaanza kusoma tangazo tena, na safari hii sikuweza kuifanya sauti yangu iwe tulivu.

Tulingoja ule ucheleweshaji wa mtandao upite. Nilikuwa nasoma huku nikimtazama. Alikuwa amepiga magoti kando ya meza, mdomo karibu na simu, akimwita mumewe kwa jina kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kwenye simu mvua iliendelea kupiga bati. Nilifika mwisho wa tangazo na kuanza upya.

"Huyo ni Cheptanui," Mwalimu alisema. "Namsikia."

Kisha laini ikakatika.

Katika miaka yake yote hapa, Trizah hakuwahi kusema neno hewani. Alikuwa akisema sauti yake ni ya chumba cha nyuma. Sasa alisimama, akanigusa bega nimpishe, akakaa mbele ya kipaza sauti changu.

"Watu wa Mawe Matatu, mimi ni Trizah, mke wa Mwalimu Nyongesa," alisema. "Kama jirani yako alituzima akidhani tumeharibika, kamwambie. Bwawa linavunjika. Acheni ng'ombe. Pandeni shuleni sasa hivi, na kila mmoja apige mlango wa jirani yake."

Alisema maneno hayo, akayarudia, na akaendelea kuyarudia mpaka tulipopata habari kwamba ukuta umebomoka. Hapo aliacha, akavua vipokea sauti, akaviweka mezani kwa uangalifu. Alitoka nje akasimama chini ya mvua bila mwavuli. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Saa zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Simu za Mawe Matatu zilikuwa zimezimika. Tuliendelea kutangaza bila kujua kama upande wa pili kuna mtu. Kila simu ya ofisi ilipolia, Trizah aliitazama lakini hakuinyanyua, alimwachia meneja. Giza lilipoanza kuingia, afisa mmoja aliyekuwa amezunguka kwa njia ya juu alitupigia kutoka shuleni. Alisema madarasa yamejaa watu. Kijiji kizima kilikuwa kimepanda, karibu wote. Kuna mzee mmoja, alisema, aliyeletwa juu ya mkokoteni na vijana baada ya kukutwa akipiga milango kwa fimbo yake, naye anataka mkewe aambiwe kwamba spika imekwenda na maji.

Trizah alilia wakati huo. Kisha akauliza afisa alikuwa na maana gani kusema karibu wote.

Mzee Muiruri, mshona viatu, jirani wao wa karibu, hakuwa ameonekana. Kesho yake alipatikana akiwa amezama. Mkewe, Wanjugu, alieleza kwamba tangu asubuhi walikuwa wakisikiliza redio yetu isiyosema, na mwishowe mumewe aliizima spika, akasema watu wa redio wamelala, acha akawatazame kondoo kule mtoni. Mwalimu alipobisha mlango, Wanjugu alikuwa peke yake. Alimwita mumewe kwa nguvu zake zote, lakini mvua ilikuwa kubwa. Vijana walimvuta mkono wakapanda naye.

Stesheni ingeweza kunyamaza. Radi ilikuwa imepiga, mvua ilikuwa imenyesha, bwawa halikuwa letu. Meneja alimwambia Trizah hivyo, na kwa nia njema. Hakukubali. Siku ya mazishi alikwenda Mawe Matatu pamoja na Mwalimu, nami nikaandamana nao. Baada ya watu kupungua, aliketi kando ya Wanjugu na kumweleza kila kitu: waya, spika moja, na kwa nini kulikuwa kimya. Hakutafuta maneno ya kujikinga. Alimwambia kwamba mikono iliyouchomea waya ule ni yake.

Wanjugu aliinama akapangusa matope kwenye viatu vyake.

"Siwezi kukwambia ni sawa," alisema. "Lakini Jumatatu uende kazini. Mvua bado iko."

Trizah alikwenda kazini Jumatatu. Alitangulia kufika kuliko sote, akiwa amebeba spika ndogo ya kawaida, kama ile ya mumewe, akaiweka juu ya kabati kwenye korido. Kuanzia siku hiyo hakuna tangazo la asubuhi lililotoka kabla hajasimama mbele ya spika hiyo na kuisikia sauti ya binadamu. Kila waya uliotengenezwa upya ulisikilizwa kwa njia tatu: kwa masikio mawili, kwa spika mbili, na kwa spika moja. Aliwatafuta watu nyuma ya kila kilima tunachokifikia, akapata katika kila upande mtu anayeweza kumpigia na kumwuliza swali moja, kwamba je, mnatusikia. Matangazo yetu yote ya dharura sasa hutoka mono, bila muziki chini yake. Redio mbili jirani zimekuja kujifunza utaratibu huo kwake, na sasa nazo hufanya hivyo.

Singependa msomaji adhani kwamba baada ya hapo alipata utulivu. Hakupata. Mvua inapoanza, huacha anachokifanya. Nimemwona akisimama kwenye korido katikati ya wimbo, ameinamisha kichwa, akingoja wimbo uishe ili ahakikishe kuna mtu atakayesema baada yake. Watangazaji wapya waliogopa kukaa kimya hata kidogo hewani, wakijua atatokea mlangoni. Mwanzoni tulidhani ni huzuni itakayopita. Baadaye tukaelewa kwamba ameamua kuogopa kwa niaba yetu sote, kila siku, kama sehemu ya kazi. Nasi tukaanza kuogopa pamoja naye, na tukawa redio bora zaidi.

Nafasi yake inachukuliwa na Jepkemboi, ambaye amefanya kazi chini yake kwa muda mrefu na ambaye wiki hii halali vizuri. Ameniruhusu niandike hivyo. Mama Trizah alipoambiwa, alisema ni dalili nzuri.

Yeye na Mwalimu wamehamia Bahati, mahali pa juu, penye mahindi na kuku wengi kuliko wanavyoweza kuwafuga. Wanjugu huwatembelea. Hawazungumzi sana, Mwalimu ananiambia. Wao hukaa nje na kumenya maharagwe, na jioni Trizah humsindikiza hadi barabarani.

Juma lililopita nilimwuliza ni nini anachokiogopa zaidi kuhusu kustaafu. Nilitegemea aseme upweke, au mikono kukosa kazi. Aliniambia kwamba kwa miaka ishirini na minne amekuwa upande wa kutuma sauti, na upande huo, hata ukiwa na hofu, una kitu cha kushika.

"Kuanzia Jumatatu nitakuwa upande wa kungoja," alisema. "Mvua itanyesha, nami nitakaa jikoni niwategemee nyinyi."

Mama Trizah, asante kwa kila sauti uliyoifikisha, na asante kwa kutokubali tuisahau ile ambayo haikufika. Wafanyakazi wote wa Redio Ukingo tunakuombea afya, usingizi mzuri wakati wa masika, na benchi la katikati kila Jumapili. Uishi vyema huko Bahati. Utatusikia.